Wazee Wetu wa Reli Wasiachwe Kitandani



Mwezi uliopita tulikwenda Likoni watu wanne kumtazama mzee aliyekuwa mnyapara wa gengi letu kabla hajastaafu. Wengi wenu mwamjua. Ndiye aliyetufundisha kushika mtaimbo bila kuumiza kiuno. Tulimkuta amelala, mkono wa kulia umekunjamana kifuani, vidole havifunguki. Kiharusi kilimpata mwaka jana na hospitali ikamwokoa, kwa hilo twashukuru. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani aliambiwa arudi kisiwani mara tatu kwa juma kufanyiwa tiba ya viungo. Alikwenda majuma mawili, kisha akaacha.

Si uvivu. Mtu aliyepooza upande mmoja hawezi kuteremka ule mteremko wa feri asubuhi kati ya watu wanaokimbilia kazini. Feri haimtozi mtu wa miguu, lakini yeye yambidi akodi tuktuk mpaka ng'ambo, na mwanawe aache kibarua siku hiyo ili amshike. Serikali humpa mzee wa miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Tulipiga hesabu pale pale kando ya kitanda, tukaona fedha hizo zisingefika juma la pili. Na mzee wetu ana miaka 66, hata hizo hapati. Miaka minne angoje, na mkono wazidi kukaza.

Wengi wetu hudhani tiba hii ni kukandwa tu. Kukandwa ni kuzuri, wala hatukatai mafuta ya nazi ya mama zetu, lakini tiba ya viungo ni kazi, na mfanyakazi ni mgonjwa mwenyewe. Ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudia jambo lile lile mara nyingi sana. Kiungo kisichotumika hukakamaa, na msuli hupungua. Ndiyo maana miezi ya kwanza ina thamani kubwa kuliko ile ya baadaye. Tiba hii ina ndugu yake, nayo ni tiba ya kazi. Hiyo humfundisha mtu kuvaa shati kwa kuanza na mkono mgonjwa, kuoga, kushika kijiko, kwenda chooni peke yake. Mtaalamu wake huitazama na nyumba: kizingiti ki juu namna gani, na choo cha kuchutama kitatumiwaje na mtu asiyeweza kuchutama? Tiba hizi mbili zilipata nguvu wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, kwa ajili ya askari waliojeruhiwa.

Wala si za wenye kiharusi tu. Tangu 2020 Shirika la Afya Duniani lasema watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku tatu au zaidi kwa juma. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliojumlisha majaribio mengi, ulionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo. Mzee akianguka akavunjika nyonga, nyumba nzima huanguka naye.

Wako wasemao chama ni cha walio kazini, wastaafu hawalipi ada. Twawauliza: mgongo wa mtu aliyeinua mataruma miaka 30 uliharibikia wapi, nyumbani kwake? Na sisi tunaoandika haya, viuno vyetu vimekwisha kuanza kulia, hata arobaini hatujafika.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yasema wazee waishi kwa heshima na wapate matunzo ya jamaa zao na ya Serikali. Hospitali na zahanati ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Chuo cha KMTC chafundisha wataalamu wa tiba zote mbili. Basi twataka chama kiandike barua kwa kaunti, kiombe mtaalamu afike zahanati za mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe, hata kama ni siku mbili tu kwa juma, na siku moja azunguke majumbani. Mtu mmoja mwenye pikipiki aweza kuwafikia wazee kumi ambao hawawezi kumfikia yeye.

Sehemu yetu tusiingoje barua. Jumamosi iliyopita fundi wetu mmoja wa kuchomelea alitengeneza kishikio cha bomba, tukakifunga ukutani kando ya choo cha mzee. (Bomba tulilinunua kwa mchango wetu, lisije likasemwa ni la reli.) Alijaribu kusimama mara tatu akashindwa, akatutukana kama zamani kwenye njia. Mara ya nne alisimama.

Kila tawi liandike majina ya wastaafu walio kitandani, mtaa wanaokaa na ugonjwa wao, limpe katibu kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi. Mafundi wenye nafasi Jumamosi waandike majina yao pia. Bomba la pili tumekwisha kulinunua, nalo ni la mzee wa Changamwe.