Mafuriko ya Magazetini Hayajazi Sanduku la Kura

Vijana wenzangu wa Vingunguti, na wana mageuzi wote mnaosoma ukurasa huu, tuongee ukweli. Kila uchaguzi ukiisha, kijiweni jibu huwa lipo tayari: "Vyombo vya habari vimetumaliza." Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Ila tukiishia hapo, tarehe 27 Novemba 2024 tutapigwa tena, na safari hii ni mtaani kwetu kabisa.

Tuanze na huo ukweli. Uhuru ni gazeti la chama tawala tangu enzi za TANU. Daily News, HabariLeo na TBC ni vya serikali. Sheria ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 1985 ilimpa mgombea urais wa chama chochote haki ya kutumia redio na televisheni ya taifa wakati wa kampeni, lakini waangalizi wa Umoja wa Ulaya waliokuja 2010 na 2015 waliona jinsi vyombo vya umma vilivyoibeba CCM. Magazeti yaliyosema yasiyopendeza yalifungiwa: MwanaHALISI mwaka 2012 na tena 2017, Mawio 2016. Tanzania Daima ilifutiwa leseni Juni 2020, miezi minne tu kabla ya uchaguzi. Hakuna anayelalamika hewani hapa.

Swali langu ni lingine. Je, mpiga kura anakwenda anakosukumwa na gazeti?

Rudi nyuma mpaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo urudi 1992. Augustino Mrema ametoka serikalini, ameingia NCCR-Mageuzi, na watu wanasukuma gari lake kwa mikono. Magazeti binafsi yalikuwa bado machanga na yana njaa ya habari, na Mrema alikuwa habari. Ukisoma kurasa za mbele za Dar es Salaam ungedhani Ikulu imeshapata mwenyewe. Matokeo yalipotangazwa, Mkapa alikuwa na asilimia 61.8 na Mrema 27.8. Ndiyo, palikuwa na vurugu nyingi. Hapa Dar kura zilifutwa na kurudiwa tarehe 19 Novemba kwa sababu vifaa vilichelewa. Lakini kuna jambo lingine ambalo watu hawapendi kulisema. Magazeti yale yalikuwa ya mjini. Kijijini kulikuwa na Redio Tanzania, na kulikuwa na balozi wa nyumba kumi anayemjua kila mtu kwa jina, na jina la baba yake.

Njoo 2010. Habari kubwa ilikuwa Kikwete kushuka kutoka asilimia 80 hadi kama 63, na Dk. Slaa kupanda. Sawa, ilikuwa habari. Lakini habari kubwa kuliko hiyo ilipita pembeni: kati ya watu takriban milioni 20 waliojiandikisha, waliopiga kura walikuwa milioni 8.6 tu. Zaidi ya nusu walibaki nyumbani. Nani alikwenda kuwauliza kwa nini? Gazeti halikwenda, na chama hakikwenda.

Halafu 2015. Hapo ndipo neno "mafuriko" lilipohamia kwenye siasa. Kila alipokanyaga Lowassa, picha ya umati, kichwa cha habari: mafuriko. Twaweza wakatoa utafiti wao Septemba, Magufuli asilimia 65, Lowassa 25. Tukacheka, tukasema wamenunuliwa. Mwisho wa siku Tume ikatangaza 58.46 kwa 39.97. Utafiti ulimpunja Lowassa, ni kweli, lakini picha za mafuriko nazo hazikutoa rais. Sisi watu wa Vingunguti hatuhitaji kufundishwa mafuriko ni nini. Bonde la Msimbazi likijaa tunayaona. Yanakuja kwa kishindo, yanapita, kinachobaki ni tope.

Na msidhani ni sisi tu. Marekani mwaka 1920 wagombea wawili wakubwa wa urais, Harding na Cox, wote walikuwa wamiliki wa magazeti, tena wa jimbo moja la Ohio. Huko gazeti kuwa na upande lilikuwa jambo la kawaida. Jarida la Literary Digest likajijengea jina kwa kutabiri washindi, likapatia kuanzia 1916 mpaka 1932. Mwaka 1936 likatuma karatasi kama milioni 10 kwa posta, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon anamshinda Roosevelt. Magazeti mengi nayo yalikuwa upande wa Landon. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Kosa lilikuwa wapi? Majina yalitolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Waliuliza wenye nacho, wakasahau wasio nacho. Na hata wale walioulizwa, waliojibu walikuwa wachache.

Sasa jiulize: sisi tunamuuliza nani? Tunaulizana wenyewe kwenye kundi la WhatsApp. Mama ntilie wa Miembeni na kijana anayebeba nyama pale machinjioni hawamo kwenye kundi hilo. Hao wanajua gazeti gani ni la nani. Wanasoma vichwa vya habari pale mezani kwa muuza magazeti, hawanunui, wanaguna, wanaendelea na safari. Gazeti la CCM haliwadanganyi kirahisi. Kinachowamaliza ni kauli moja tu: "Matokeo yanajulikana." Na kauli hiyo sisi wenyewe tunaisambaza kila siku tukidhani tunaikosoa serikali.

Uchaguzi wa Novemba hautapata kurasa za mbele. Mwenyekiti wa mtaa hauzi gazeti. Lakini ndiye unayemfuata ukitaka barua ya benki, ya kitambulisho cha NIDA, ya kumdhamini ndugu yako polisi. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwenye fomu, vyama vikubwa vikajitoa, mitaa ikaenda bure.

Mtaniambia: hata tukijipanga, kura zitachakachuliwa. Inawezekana. Lakini huwezi kudai ulichoibiwa kama hujui ulikuwa na ngapi. Mwenye orodha ya wapiga kura wake mtaa kwa mtaa, mwenye wakala anayebaki kituoni mpaka fomu ya matokeo isainiwe, huyo ana cha kuonyesha. Mwenye picha ya umati ana picha.

Kwa hiyo kazi ni hii. Uandikishaji wa wakazi ulipangwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024. Kila mmoja wetu achukue nyumba kumi zinazomzunguka, agonge mlango, asalimie wazee kwa adabu, aulize nani hajajiandikisha na kwa nini, aandike kwenye daftari. Fomu za wagombea zisomwe na watu watatu kabla ya kurudishwa, ili pingamizi likija likose pa kushika.

Daftari hilo hakuna waziri wa kulifungia.