BARABARA IKIVUNJA GARI, MSHAHARA WA DEREVA USIGUSWE



Hakuna lalamiko ambalo madereva wanaofanya kazi nje ya lami wanalijua kuliko hili. Gari limerudi kutoka safari, springi imekatika au shokabsoba inavuja mafuta. Karani anaandika karatasi, meneja anatia sahihi, na mwisho wa mwezi dereva anakuta mshahara umepungua. Akiuliza, anajibiwa: "Gari lilitoka hapa likiwa zima, na wewe ndiye uliyekuwa nalo." Basi, shauri limekwisha.

Mimi nasema shauri halijaisha. Gari linalopita kila siku katika mawe, mchanga na matope huharibika kwa sababu ya kazi yenyewe, na gharama ya kazi ni ya mwenye kazi. Hilo ndilo nitakaloeleza hapa. Kisha nitasema tufanye nini, maana kulalamika peke yake hakujapata kumshibisha mtu.

Kwanza tuitazame barabara. Ndugu wasiotoka mjini huenda hawayajui mawimbi ya barabara ya changarawe, yale matuta madogo madogo yaliyopangana kama bati la nyumba. Wako matajiri wanaosema matuta hayo huletwa na madereva wabaya. Si kweli. Mwaka 2007 wataalamu wa fizikia walitangaza majaribio yao ya kupitisha gurudumu tena na tena juu ya mchanga mkavu. Hapakuwa na injini wala dereva. Gurudumu lilipovuka mwendo fulani, matuta yalizuka yenyewe, na mwendo huo ni mdogo sana kwa gari la kazi. Kwa hivyo mahali popote penye changarawe kavu na magari mengi, matuta yatakuja, hata kama madereva wote ni wapole kama kondoo.

Sasa tufanye hesabu ya shule. Tuseme tuta na tuta yameachana mita moja. Katika kilomita moja kila gurudumu hupigwa mara 1,000. Safari ya kilomita 80 ni mapigo 80,000 kwa gurudumu moja, na kwa magurudumu manne ni mapigo 320,000. Kurudi jioni ni mengine kama hayo. Hayo ni ya siku moja tu. Ni chuma gani kisichochoka?

Shokabsoba kazi yake ni kutuliza springi. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta yapite katika matundu madogo, na kwa njia hiyo mtikisiko unageuka kuwa joto. Kwenye matuta haipati nafasi ya kupumua. Mafuta yanachemka na kuwa mepesi, yanatoa povu, raba zinazoyazuia zinakauka, na mwisho yanavuja. Hapo springi inabaki peke yake. Inarukaruka, gurudumu linaacha ardhi, breki zinakosa mahali pa kushika, na baada ya siku chache springi yenyewe inakatika. Mtu asiyejua ataona springi iliyokatika leo na kumlaumu dereva wa leo. Fundi mwema atauliza shokabsoba ilikufa lini, na nani aliambiwa.

Maji nayo yana hila yake. Gari limekwenda saa mbili, difu ni ya moto, na mbele kuna mto. Difu ikiingia ghafula katika maji baridi, hewa iliyomo ndani inasinyaa na kutaka kuvuta kitu. Kuna tundu dogo la kupumulia lililowekwa kwa kazi hiyo. Tundu hilo likiwa limezibwa na matope, difu huvuta maji kupitia sili. Mafuta hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na beringi huanza kuliwa kimyakimya. Huenda ikapita miezi kabla ya difu kulia. Atakayekuwa kwenye usukani siku hiyo ndiye atakayeandikiwa karatasi, ijapokuwa tundu lile lingeweza kusafishwa na kijana wa gereji kwa dakika tano.

Kadhalika vumbi. Likipenya kwenye chujio la hewa lililochoka, linasaga ringi na silinda kama msasa, na injini inaanza kunywa oili. Kadhalika majani makavu yanayonasa chini ya gari karibu na bomba la moshi. Yasipoondolewa yanaweza kushika moto, na gari zima likateketea pamoja na mizigo ya watu.

Na nchi yetu ina kila namna ya adha. Katika Maasai Mara kuna udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hunata kama ulimbo, na klachi huungua kwa kujitoa humo. Kule Loiyangalani kuna mawe meusi ya volkano yanayokata tairi ubavuni. Katika jangwa la Chalbi kuna mchanga na chumvi wakati wa kiangazi, na matope wakati wa mvua. Ni kweli kwamba lami imefika Moyale, na barabara ya kutoka Isiolo si ile iliyokuwa ikivunja malori zamani. Twashukuru. Lakini lami ni njia kuu tu. Mgeni hakuja Kenya kutazama lami, na shehena ya chakula haiishii kando ya lami. Dereva lazima akate kona aingie porini.

Watu wengi wanasifu magari ya mashindano ya Safari Rally, ambayo yalianza mwaka 1953. Twakumbuka jinsi Joginder Singh alivyoshinda mwaka 1965, kisha 1974 na 1976. Tangu mwaka 2021 mashindano hayo yamerudi katika ubingwa wa dunia, na watu hujazana Naivasha kuyaona. Matajiri wetu nao huenda kupiga makofi. Basi nawaomba wakiwa kule wasitazame vumbi tu, watazame na mafundi. Gari la mashindano hukimbia kitambo, kisha hurudi kwa kundi la mafundi wanaolifungua chini juu, nao hubadilisha vyuma bila kungojea vivunjike. Hakuna anayemkata bingwa mshahara kwa sababu ya shokabsoba. Wanajua kwamba mahali pale chuma ni kama chakula, kimewekwa ili kiliwe. Lakini dereva wa kazi, anayepita njia zilizo ngumu kama hizo mwaka mzima akiwa na watu saba au tani za mahindi, amepewa jeki moja, spana mbili, na onyo.

Watengenezaji wa magari wenyewe wanalijua jambo hili. Vitabu vingi vinavyokuja na gari vina ratiba mbili za sevisi, moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya matumizi magumu, yaani vumbi, matope na mizigo mizito. Ratiba ya pili huja mapema zaidi. Tajiri anayelipeleka gari porini siku 25 kwa mwezi, kisha akalifanyia sevisi kama gari la daktari wa mjini, amevunja maagizo ya mtengenezaji. Je, yeye anakatwa na nani?

Tena kuna jambo la saa. Ofisi hupanga safari kwa kutazama ramani. Inaandika kwamba wageni wawe langoni saa fulani, wale chakula saa fulani, na jioni waiwahi ndege. Dereva akienda polepole ili kuokoa gari, anachelewa na kupata barua. Akienda mbio ili kuwahi, springi inakatika na anapata karatasi. Ofisi inayotaka safari ya saa sita ifanywe kwa saa nne imekwisha kuivunja springi kabla dereva hajawasha injini. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye kitini mwa ofisi hauoni uzito.

Tuje kwenye sheria, maana wengi wetu tunakatwa kwa kutoijua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika, lakini kwa masharti. Kiasi kiwe cha haki, na uharibifu uwe umetokana na kosa ambalo mfanyakazi alilifanya kwa makusudi. Yasome tena maneno hayo, ndugu: kwa makusudi. Beringi iliyochakaa si makusudi. Tairi lililokatwa na jiwe katika njia uliyoagizwa kupita si makusudi. Kifungu hicho pia kinasema makato yote ya wakati mmoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Wako wanaogeuza maneno hayo na kusema wana ruhusa ya kukata theluthi mbili. Hicho ni kikomo, wala hakimpi mtu haki ya kukata pasipo kosa.

Tena kifungu cha 41 kinasema kwamba mwajiri akitaka kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi mbovu, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama chumbani. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yamtaka mwajiri aweke mitambo ya kazi katika hali ya usalama, na yamkataza kumwadhibu mfanyakazi kwa kulalamika juu ya jambo la hatari. Dereva anayesema "breki hizi si nzuri, siondoki" si mkaidi. Anaokoa roho za watu, ya kwake ikiwamo.

Sasa nawageukia madereva wenzangu, kwa maana haki haitetewi na mkono mchafu. Tajiri husema kwamba wako madereva wanaopiga gari kama punda wa kukopa. Wako, na tusiwafiche. Anayeshindana na wenzake porini ili awe wa kwanza kufika penye chui, au anayeongeza abiria na magunia ya biashara yake njiani, huyo anawaharibia wote. Atakapoitwa ofisini, chama kitahakikisha anasikilizwa kwa haki, lakini chama hakiwezi kuuita uzembe kuwa uchakavu.

Kila dereva na azishike desturi hizi. Asubuhi kabla ya kuondoka zunguka gari, lala chini utazame springi, yu-bolti, busi na mabomba ya breki. Kaza nati za magurudumu. Ukiingia mchanga mzito punguza upepo wa tairi, na ukirudi kwenye lami ujaze tena, maana tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa huchemka na kupasuka. Kabla ya mto simama, upime kina, uache difu ipoe kidogo. Jioni toa majani chini ya gari na ukung'ute chujio la hewa. Na jambo kubwa kuliko yote: andika. Neno la mdomo ofisini ni moshi. Ukimwambia karani kwamba shokabsoba ya kushoto inavuja, na hukuandika, siku ya kesi hukusema kitu.

Kwa hivyo nashauri kwamba wakati chama kitakapoketi na waajiri juu ya mkataba, tudai mambo matano.

Moja, kila gari liwe na kitabu cha ripoti chenye karatasi ya kaboni, nakala moja ibaki kwa dereva na nyingine kwa ofisi, na mpokeaji atie sahihi.

Mbili, gari linalotoka safari ya nje ya lami lipandishwe juu ya shimo la fundi na kukaguliwa chini kabla ya kutumwa tena, na sevisi ifuate ratiba ya matumizi magumu.

Tatu, gari lenye ubovu ulioandikwa kitabuni, ubovu wa breki, usukani, springi au tairi, lisitoke mpaka fundi aandike kwamba limetengenezwa.

Nne, mshahara wa mtu usikatwe kabla hajasikilizwa mbele ya mwakilishi wa chama, na kabla ya fundi asiye wa upande wowote kusema chuma kilivunjika kwa nini.

Tano, saa za safari zipangwe pamoja na madereva wanaoijua njia, na kila gari lipewe vyombo vya kutosha, tairi za akiba na maji.

Hakuna hata moja katika haya litakalomfilisi tajiri. Bei ya shokabsoba iliyobadilishwa mapema ni ndogo kuliko bei ya gari lililopinduka, na ndogo mno kuliko bei ya mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ukuta huo siku zote unataka kujengwa kwa mshahara wa dereva. Tukatae. Lakini tukatae kwa pamoja, tukiwa na kitabu mkononi, ili ofisini tuzungumze habari ya chuma na sheria, wala si habari ya hasira.

Ni mimi,
Dereva mwenzenu.