Waraka kwa Wanachama Kuhusu Matumaini Tunayowapa Watu

Kwa wanachama wote wa kikundi chetu cha miti, wakimbizi na wenyeji, kambi ya Dagahaley.



Mkutanoni mwenzetu mmoja alishauri kwamba wageni wakija kukagua tuwapeleke upande wa kitalu ulioshika, na miche iliyokauka tuinyamazie. Watu wakisikia habari mbaya, alisema, watavunjika moyo. Niliona wengi mkikubali. Mimi sikubali, na naomba mnisikilize.

Eneo letu limekwisha kulishwa matumaini yasiyo na ufuatiliaji. Mti wa mathenge uliletwa Kenya miaka ya 1970, kisha ukasambazwa sehemu kavu ukisifiwa kwamba utazuia mchanga, utatoa kuni na utalisha mifugo. Kuni umetoa, tusiunyime haki yake. Lakini umemeza malisho, umeziba njia za maji, na maganda yake matamu yameozesha meno ya mbuzi. Wakazi wa Baringo waliishtaki serikali, wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani awe ushahidi. Walioupanda hawakuwa na nia mbaya. Waliahidi, wakaondoka, na hakuna aliyerudi kuhesabu.

Sasa mtazameni hirola, mnyama asiyepatikana kwa asili popote duniani ila huku kwetu, kati ya Tana na mpaka wa Somalia. Miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 10,000. Leo hawafiki 500. Ugonjwa wa sotoka na ukame wa miaka ya 1980 viliwafyeka. Mwaka 1996 serikali ilipotaka kuwahamishia wengine Tsavo, watu wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu kupinga, na mahakama ikawapa haki. Kushinda kesi hakukuongeza hirola hata mmoja. Kazi ilibaki, na mwaka 2012 jamii ya hifadhi ya Ishaqbini, pamoja na washirika wao, ikawafungia hirola 48 ndani ya uzio usiopitika na simba wala fisi. Wakazaliana hadi kuzidi mara mbili. Hayo ndiyo matumaini ninayoyaheshimu: yana uzio, yana mlinzi wa zamu, na yana mtu anayehesabu ndama.

Huko huko Ishaqbini, twiga weupe walipojulikana mwaka 2017 dunia nzima ilifurahi. Machi 2020 hifadhi ikatangaza kwamba jike na ndama wake wameuawa na majangili, amebaki dume mmoja. Wangeweza kukaa kimya, picha za zamani ziendelee kuwavutia watalii. Walisema, na Novemba mwaka ule ule dume yule akafungwa kifaa cha kumfuatilia. Wangeficha msiba, nani angeona haja ya kifaa?

Hata sotoka yenyewe haikuondoka kwa dua tupu. Ukanda huu wa Wasomali, Kenya, Somalia na Ethiopia, ndio uliohesabiwa kuwa kimbilio lake la mwisho. Watu walizunguka na mifugo malishoni, wakichanja na kupima damu, mpaka mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka imekwisha. Angetosha mmoja wa kuandika "hakuna ugonjwa" bila kupima ili kazi yote iharibike.

Najua pia buufis, ile hamu ya kuhamia ng'ambo, inavyokula watu. Anayengoja jina lake lisomwe aende Marekani au Kanada, kwa nini amwagilie mgunga ambao kivuli chake hatakikalia? Swali hilo ni la haki, na sitamjibu kwa kumwambia kwamba kesho hapa patakuwa pazuri, maana sijui. Ninalojua ni kwamba kambi hii ilifunguliwa 1992, na tangu hapo mgao wetu umepikwa kwa kuni za ardhi ya wenyeji. Tuna deni. Anayelipa deni hahitaji kuhakikishiwa kwamba atapata faida. Nanyi wenyeji, msiwaonee wanaopanda mkiwaambia ni wapita njia. Mti haumuulizi mtu kadi yake.

Tunaipenda sana ile hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba Kiyama kikikukuta na mche mkononi, uupande ukiweza. Naomba tuisikilize vizuri. Imetuamuru kupanda. Haikuturuhusu kutangaza kwamba umeota.

Basi kabla mvua za Deyr hazijaanza, kila bloku ihesabu miche yake, mmoja mmoja, na iandike iliyoshika, iliyokauka na iliyoliwa na mbuzi, pamoja na sababu: maji hayakufika, uzio ulibomoka, au aliyepewa zamu hakutokea. Wageni watasomewa hesabu hiyo hiyo tutakayosomeana sisi. Tukipungukiwa na ufadhili kwa sababu hiyo, tutapanda michache tunayoweza kuimwagilia. Njooni na madaftari, na katika kila bloku miche iliyokufa isomwe kwanza.

Wenu,
Katibu wa kikundi, Dagahaley