Usipoziba Ufa Utajenga Ukuta: Funzo la Nashville

Lipo swali moja ambalo klabu zisizo na uwezo mkubwa hukumbana nalo katika kila mchezo unaoendeshwa kwa fedha. Tajiri akibisha hodi, akamtaka mchezaji aliye nguzo ya timu na kuweka mezani dau la kutisha, je, mwenye timu amwachilie mchezaji aende zake na kupokea fidia, au ajifunge kibwebwe na kulipa kiasi kile kile? Wengi hulijibu swali hili kwa jazba. Wapo wasemao kwamba heshima haina bei, na wapo wasemao kwamba maskini hapaswi kushindana na tajiri. Kwa maoni yangu, kambi zote mbili zimepotoka, na ningependa kulionyesha hilo kwa kisa kilichotokea mbali na kwetu, katika mji wa Nashville, Marekani, mwaka wa 2012.

Mchezo wenyewe ni mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Msomaji asiupuuze kwa kuwa ni mchezo wa nchi za baridi. Hata hapa Nairobi wapo vijana wajulikanao kama Ice Lions ambao wameucheza kwa miaka mingi, na mwaka wa 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Hata hivyo, fedha nyingi za mchezo huu zimo katika ligi ya NHL inayojumuisha timu za Marekani na Kanada, na humo ndimo kisa chetu kilimotokea.

Nashville ni mji wa muziki, kusini mwa Marekani, ambako barafu huonekana zaidi katika glasi ya kinywaji kuliko ardhini. Timu yake, Nashville Predators, ilianza kucheza katika ligi hiyo mwaka wa 1998. Katika lugha ya biashara ya michezo, mji kama huu huitwa soko dogo, yaani mji wenye watazamaji wachache wa televisheni na makampuni machache ya kudhamini, ukilinganishwa na miji kama Philadelphia au New York. Mwaka wa 2007 timu hiyo ilinusurika chupuchupu. Mmiliki wake wa wakati huo, Craig Leipold, alikaribia kuiuza kwa tajiri wa Kanada aliyetaka kuihamishia Hamilton. Mashabiki walifanya mkutano wa hadhara na kuhimizana kununua tikiti, na hatimaye kundi la wafanyabiashara, wengi wao wenyeji wa mji huo, likainunua kwa takriban dola milioni 193. Ni vyema kuiweka akilini bei hiyo.

Sasa tuitazame sheria. Katika soka, tangu hukumu ya Bosman ya mwaka wa 1995, mchezaji aliyekomaa akimaliza mkataba wake huenda atakako. Katika ligi ya NHL mambo ni tofauti. Mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha, lakini hajatimiza umri au miaka ya utumishi ya kumpa uhuru kamili, anaweza kutia sahihi mkataba wa klabu nyingine. Hapo klabu yake ya awali hupewa siku saba za kuamua. Inaweza kuukubali mkataba ule ule na kubaki na mchezaji, au kumwacha aende na kufidiwa kwa nafasi za timu pinzani katika uteuzi wa chipukizi wa kila mwaka.

Mchezaji aliyeandamwa alikuwa Shea Weber, beki wa kutisha na nahodha wa timu. Mnamo Julai 2012 alitia sahihi mkataba wa Philadelphia Flyers wa miaka 14 wenye thamani ya dola milioni 110. Mtu mmoja, basi, alikuwa ametajiwa kiasi kinachozidi nusu ya bei ambayo timu nzima ilinunuliwa miaka mitano tu kabla.

Lakini jumla hiyo haikuwa sehemu chungu zaidi. Mkataba uliandikwa kwa hila. Kwa kila mmoja wa miaka minne ya mwanzo Weber angepata dola milioni 14, na milioni 13 kati ya hizo zingelipwa kwa mkupuo kama bakshishi ya kutia sahihi. Katika miaka sita ya kwanza angekuwa amekwisha kupokea milioni 80. Katika miaka mitatu ya mwisho malipo yangeshuka hadi milioni moja kwa mwaka. Kwa kuwa bakshishi ya kwanza na ya pili hazikupishana hata kwa mwaka mmoja, Nashville ingehitajika kutoa takriban dola milioni 27 katika muda wa miezi 12. Philadelphia ilijua kwamba mwenzake mnyonge hashindwi na hesabu ya miaka 14. Hushindwa na hundi ya kesho asubuhi.

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, na nitaomba radhi kwa kugusia taaluma yangu. Katika Kiswahili tuna kupandia dau na tuna kufikia dau. Anayepandia dau hutunga masharti yake mwenyewe. Anayefikia dau hukubali ya mwingine. Sheria ya ligi hiyo humpa mwenye mchezaji nafasi ya kufikia dau tu. Haruhusiwi kupunguza mwaka mmoja, kugeuza tarehe za malipo wala kuomba muda. Sentensi yote imetungwa na mpinzani, naye ameachiwa kutia nukta. Ndiyo maana nasema kwamba klabu inayofikia dau hailipi thamani ya mchezaji peke yake. Hulipa pia gharama ya kumwachia mshindani wake kalamu.

Je, zilikuwapo sababu za kumwacha Weber aende? Zilikuwapo, na si haki kuzidharau. Fidia ilikuwa nafasi nne za raundi ya kwanza katika uteuzi wa chipukizi. Philadelphia, ikizitumia nafasi zake yenyewe katika miaka iliyofuata, ilimpata Travis Sanheim mwaka wa 2014 na Ivan Provorov mwaka wa 2015, mabeki waliokuja kucheza kwa miaka mingi. Lakini mwaka wa 2013 ilimteua Samuel Morin, ambaye majeraha hayakumpa nafasi ya kuvuma. Huo ndio uhalisi wa chipukizi: wapo wanaozaa na wapo wanaonyauka. Sababu ya pili ilikuwa kwamba Weber angekuwa na umri wa miaka 40 mkataba ukiisha, na mwili wa beki si chuma. Sababu ya tatu ilikuwa kwamba mawakala wake hawakuficha nia yake ya kwenda Philadelphia. Yupo atakayeuliza: ya nini kumlipa mtu mamilioni ili abaki mahali ambapo hakutaka kubaki?

Dhidi ya hayo yote lilikuwapo jambo moja zito. Tarehe 4 Julai mwaka huo huo, Ryan Suter, beki aliyecheza bega kwa bega na Weber, alikuwa ameondoka kwenda Minnesota Wild kwa mkataba wa miaka 13 wenye thamani ya dola milioni 98. Kwa kuwa alikuwa huru kabisa, Nashville haikupata hata senti moja. Kinaya ni kwamba mmiliki wa Minnesota alikuwa Leipold yule yule aliyeiuza Nashville. Kama Weber naye angeondoka wiki mbili baadaye, shabiki aliyeuza mbuzi wake, kwa mfano tu, ili anunue tikiti mwaka wa 2007 angeelewa nini? Angeelewa kwamba timu yake ni kitalu cha miche ya wengine. Mchezaji kijana angeelewa kwamba Nashville ni kituo cha basi. Wadhamini nao wangeelewa hivyo hivyo. Uwanja wenyewe ni mali ya umma wa mji huo, na mkataba wa kuutumia uliwahi kuwa na kifungu kilichoihusu idadi ya watazamaji 14,000 wanaolipa, kwa wastani. Ikipungua hapo, timu ingeweza kutafuta mlango wa kutokea. Viti vitupu havikuwa suala la aibu tu. Vilikuwa suala la uhai.

Tarehe 24 Julai 2012, kabla ya siku saba kwisha, Nashville ilitangaza kwamba imelifikia dau. Naamini iliamua sawa, na yaliyofuata yanaunga mkono imani hiyo, ingawa si kwa namna ambayo wengi walitarajia. Weber hakumaliza miaka 14 Nashville. Mnamo Juni 2016 alibadilishwa na P.K. Subban wa Montreal. Mwaka uliofuata, wa 2017, Nashville ilifika fainali ya Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza, ikashindwa na Pittsburgh katika mchezo wa sita. Weber mwenyewe alicheza mara ya mwisho mwaka wa 2021, akilemewa na majeraha, huku mkataba wake ukiendelea kuhamishwa kutoka klabu moja hadi nyingine kama mzigo wa posta. Ina maana kwamba Nashville, kwa kulipa, ilinunua vitu viwili: miaka minne ya nahodha wake, na uwezo wa kuchagua yeye mwenyewe siku na bei ya kuachana naye. Mwenye kumiliki huuza; mwenye kunyang'anywa hupokea anachopewa.

Gharama nazo zisifichwe. Timu haikufuzu kwa michuano ya mtoano mwaka wa 2013 wala wa 2014. Makubaliano mapya kati ya ligi na wachezaji, yaliyopatikana Januari 2013 baada ya mgomo wa wamiliki, yalikomesha mikataba ya miaka 14 na kuweka adhabu kwa klabu zilizokwisha kuiandika, iwapo mchezaji angestaafu mapema. Hivyo klabu iliyoshurutishwa kukubali hila ya mwenzake ilijikuta ikitishiwa adhabu kwa hila hiyo hiyo. Mnyonge hana haki, wahenga hawakukosea.

Hata hivyo, tukikomea hapo tutakuwa tumelijibu swali nusu. La msingi ni hili: ilikuwaje mpinzani akapata nafasi ya kuishika kalamu? Mwaka wa 2011 klabu na Weber walishindwa kuafikiana juu ya mkataba mrefu. Shauri likapelekwa kwa msuluhishi, aliyeamua alipwe dola milioni 7.5 kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja! Nahodha wa timu, akikaribia umri wa miaka 26, akaachwa akihesabu miezi. Ufa ulionekana hapo, nao haukuzibwa. Miezi michache baadaye, Novemba 2011, klabu hiyo hiyo ilimfunga mlinda lango Pekka Rinne kwa miaka saba na dola milioni 49, naye hakuichezea klabu nyingine ya NHL hadi alipostaafu mwaka wa 2021. Na mnamo Juni 2013, ikiwa bado na kidonda kibichi, ilimpa beki kijana Roman Josi mkataba wa miaka saba kwa dola milioni 28 tu. Josi alikuja kuwa nahodha, na mwaka wa 2020 akatuzwa kuwa beki bora wa ligi. Bajeti ilikuwa ya klabu ile ile na soko lilikuwa dogo vile vile. Tofauti ilikuwa ni nani aliyewahi kukaa mezani.

Jibu langu, basi, ni kwamba klabu ndogo inapaswa kulifikia dau pale mchezaji anapokuwa nguzo kweli, na pale kuondoka kwake kunapokuwa tangazo la kushindwa. Lakini ilipe ikijua kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo ni faini ya uzembe wa jana. Na anayetozwa faini mara mbili kwa kosa lile lile hana wa kumlaumu.

Natamani funzo hili lisibaki kwenye barafu ya Marekani. Katika vyuo vikuu vya nchi hii nimewaona vijana wenye shahada za uzamifu wakifundisha kwa mikataba ya muhula mmoja mmoja, wakiandika barua za kuomba kuthibitishwa kazini ambazo hazijibiwi. Kisha chuo cha nchi nyingine kinapowaita, wakubwa huitisha kikao cha dharura na kuuliza ni kiasi gani kitakachowazuia wasiende. Aghalabu hakuna kiasi kama hicho. Wakati wa kuwazuia ulikuwa pale barua ya kwanza ilipopokelewa, nayo gharama ingekuwa muhuri na sahihi.

Nashville ilikuwa na bahati ya sheria iliyoipa siku saba za kujisahihisha. Sisi hatuna sheria hiyo. Anayeondoka kwetu huondoka usiku, na tunapopata habari asubuhi, kiti chake kimekwisha kupoa.