Jicho la Rubani Lisiachwe Peke Yake

Tarehe 18 Desemba 2013 uwanja mdogo wa ndege wa Arusha ulipata mgeni ambaye haukujengewa: Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia. Ilikuwa ikienda Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), kwenye barabara ya kutua yenye urefu wa takriban mita 3,600. Ya Arusha ilikuwa na mita 1,620 tu. Ndege ilitoka kwenye lami ikasimama kwenye majani, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia.

Tukio kama hilo likitokea, vijiweni huulizwa swali moja: rubani alikuwa anatazama wapi? Jibu linalonishawishi mimi ni kwamba alikuwa anatazama palepale alipotakiwa, mbele yake. Barabara ya KIA na ile ya Arusha zote zimelala mashariki kwa magharibi, zote zina namba 09 na 27, na kati yake ni kilomita hamsini hivi. Anayetarajia kukuta lami upande ule, kisha akaikuta lami upande ule, moyo wake hutulia. Na moyo ukishatulia, jicho huacha kudadisi.

Hili la jicho linahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu abiria wengi tunadhani rubani mwenye macho mazima na anga safi hana cha kuhofia. Ndege kubwa hushuka kwa mteremko wa kama nyuzi tatu. Pasipo msaada wa vyombo, rubani hupima mteremko huo kwa umbo la barabara anayoiona, akililinganisha na zile alizozoea. Barabara ikiwa nyembamba kuliko mazoea yake, au ikiwa imepanda kidogo kuelekea mwisho wake, humwonyesha kwamba yuko juu mno. Matone ya mvua kwenye kioo nayo huweza kumdanganya vivyo hivyo. Anachofanya ni kushuka zaidi, akiamini anajirekebisha, kumbe anaifuata ardhi.

Usiku ni hatari zaidi. Mwaka 1965 na mwanzoni mwa 1966 ndege kadhaa za Boeing 727, zilizokuwa mpya wakati huo, zilianguka zikikaribia kutua. Mwanasaikolojia wa Boeing, Conrad Kraft, alichunguza yanayompata rubani anayepita juu ya giza tupu, maji au pori, huku taa za mji zikiwaka mbali mbele yake. Alionyesha kuwa hata marubani wazoefu walijikuta chini mno bila kuhisi lolote, kwa sababu baina yao na zile taa hapakuwa na kitu cha kulipa jicho kipimo. Msomaji aliyewahi kutua Mwanza au Entebbe usiku, ndege ikiingia kwa upande wa ziwani, analijua giza hilo. Ni vile tu yeye alikuwa amekaa dirishani.

Wapo wanaosema haya yote hufundishwa vyuoni, hivyo anayekosea amezembea. Hoja hiyo siidharau. Vyombo vya kumwonyesha rubani kwamba hayuko anakodhani vipo, na kuviacha ni kosa. Ila tutazame San Francisco, Julai 2017. Airbus ya Air Canada yenye watu 140 iliruhusiwa kutua karibu na usiku wa manane. Kati ya barabara mbili zinazokwenda sambamba, ya kushoto ilikuwa imefungwa na taa zake kuu kuzimwa. Marubani walitarajia kuona mbili zinazowaka. Basi ya kulia wakaidhania ya kushoto, wakaielekea barabara ya kiungio wakidhani ndiyo ya kulia, kumbe ndiko ndege nne zilikuwa zikisubiri zamu ya kuruka. Rubani aliona taa asizozielewa, akauliza mnarani kama barabara iko wazi. Akajibiwa kuwa hakuna mwingine isipokuwa yeye. Jibu lilikuwa la kweli kwa barabara aliyoiona mwongoza ndege, si kwa ile aliyoiona rubani. Ndege ilishuka hadi futi 60 hivi, ikapita juu ya nyingine, ndipo ikapaa tena.

Nahodha wa ndege hiyo alikuwa macho kwa zaidi ya saa 19. Taarifa ya kufungwa kwa barabara ilikuwa ukurasa wa 8 kati ya 27 alizopewa, na aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, Robert Sumwalt, aliziita taarifa za aina hiyo takataka zisizozingatiwa na mtu. Ukimfukuza kazi nahodha yule, kurasa 27 zinabaki zilezile, na mwenzake wa kesho atazipokea akiwa na usingizi uleule.

Kwa hiyo sikubali uchunguzi unaoishia kwenye maneno “makosa ya kibinadamu”. Kinachohitajika ni shahidi wa pili. Mmojawapo ni wa bei ndogo ukilinganisha na jengo la abiria: taa nne za PAPI kando ya barabara, zinazomwonyesha rubani mteremko wake. Nyeupe mbili na nyekundu mbili, uko sawa. Nyekundu zote nne, uko chini mno. Taa hizo hazijali upana wa lami wala giza la ziwa. Shahidi mwingine ni kanuni ya kampuni kwamba hata mchana wa jua kali, rubani atatega mfumo wa redio wa barabara anayokwenda kutua, ikiwa upo, na msaidizi wake atausoma kwa sauti.

Kwetu, kiwanja cha mkoa kinapopanuliwa, picha za magazetini huwa za jengo la abiria, vioo na marumaru. Bungeni husikika urefu wa lami na idadi ya abiria. Ningependa mbunge asimame aulize taa za kuongoza mteremko zitawekwa lini, pande zote mbili za barabara, na umeme ukikatika nani anawasha jenereta.