Pikipiki ya safari ndefu ipimwe kwa mwili wa mpandaji

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa wapandaji pikipiki wa humu nchini kwamba starehe ni anasa. Anayelalamika kuwa mgongo unamuuma baada ya kilomita 200 huambiwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Mimi naipinga dhana hiyo, na naamini walimu wenzangu wanapaswa kuipinga zaidi ya watu wengine. Wengi wetu hutumwa kufundisha mahali ambapo matatu haifiki kila siku, na pikipiki ndiyo njia ya kufika shuleni, benki, na nyumbani likizo inapoanza.

Tuchukue mfano wa barabara ya kutoka Isiolo hadi Moyale, takribani kilomita 500. Kabla ya kutiwa lami katika miaka ya 2010, ilisifika kwa matuta madogo madogo yaliyolegeza kila nati. Lami imeondoa adha hiyo, lakini imemwachia mpandaji jua, mwendo usiobadilika na upepo wa ubavuni. Asiyeuamini upepo wa kaskazini na azuru upande wa Loiyangalani, penye mitambo 365 ya kufua umeme kwa upepo, iliyozinduliwa rasmi mwaka wa 2019. Mtu aliyepambana na upepo huo kwa saa nne, huku viganja vimekufa ganzi, hukawia kushika breki ngamia anapokatiza barabara. Kukawia huko ndiko kunakoua. Kwa hiyo tunapozungumzia starehe, twazungumzia uhai.

Pikipiki ndefu za kupita lami na changarawe zilipata umaarufu baada ya BMW kutoa R80 G/S mwaka wa 1980. Ni vyombo vizuri. Hata hivyo, huko kiwandani hakuna aliyejua urefu wa mkono wako. Chombo hutengenezwa kwa ajili ya mtu wa wastani, na mtu huyo sijakutana naye bado.

Anza na usukani. Keti unavyoketi safarini, ufumbe macho, kisha unyoshe mikono bila kujilazimisha. Viganja vikitua mbali na vishikio, usukani hauko mahali pake. Fundi wa jua kali aweza kuuinua kwa vipande vya chuma vya sentimita 2 au 3, bora ahakikishe kwamba nyaya na mipira ya breki hazivutiki usukani unapogeuzwa mpaka mwisho. Kisha tazama mikono ya breki na klachi. Aghalabu huwa imeinuliwa mno, hata kifundo cha mkono kikalazimika kupinda siku nzima. Legeza boliti, ishushe kidogo, ukaze tena. Usijaribu ukiwa umeketi tu; simama juu ya vikanyagio pia, kwa maana kwenye mawe na mchanga wa kuelekea North Horr utasimama sana, na magoti yako ndiyo yatakayokuwa springi ya kwanza.

Kiti nacho huwahadaa wengi. Kiti laini hupendeza dukani, lakini baada ya saa moja sponji hudidimia na mifupa ya makalio hukaa juu ya bati. Mshonaji viti amwekee mpandaji sponji ngumu zaidi, na aipanue sehemu ya nyuma ili uzito utawanyike. Juu yake tandika ngozi ya kondoo, ambayo hupitisha hewa. Mwalimu mwenzangu mmoja, mwanamke asiye mrefu, alipunguziwa kiti hadi nyayo zake zikakanyaga chini barabara, na hofu aliyokuwa nayo kila aliposimama kwenye mteremko ikamwisha.

Kuhusu mizigo, naomba wanafunzi wa fizikia wanisikilize. Sanduku zito likifungwa juu ya keria, nyuma ya ekseli, hugeuka kuwa wenzo: husukuma nyuma chini na kuliinua gurudumu la mbele, na usukani huanza kutikisika mwendo ukizidi. Vitabu, maji na vifaa vya ufundi vikae chini, karibu na katikati ya chombo. Keria ibebe blanketi. Baada ya kupakia, kaza springi ya nyuma, uongeze upepo wa taili kama kitabu cha chombo kinavyoagiza, na uutazame mnyororo tena, kwani mzigo hubadilisha mkazo wake. Ukiingia mchangani utapunguza upepo. Hivyo beba pampu ya kuurudisha utakapofika lami.

Kinachonikera ni kuona kijana akitumia mshahara wa miezi mitatu kununua masanduku ya alumini, taa za ziada na vyuma vya kukinga injini, ilhali hajawahi kugusa boliti hata moja ya usukani. Ameongeza uzito wala hakuongeza raha. Hata kioo kirefu cha kukinga upepo hakina hakika ya kufaa: mara nyingine huupeleka upepo uliovurugika moja kwa moja kwenye helmeti, na kifupi kikawa bora. Vizibo vya masikio, ambavyo bei yake haishindi chakula cha mchana, vitamfaa zaidi, maana kelele za upepo huchosha na hudhuru usikivu.

Vyuo vyetu vya ufundi vingeweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi la wanafunzi kila muhula unapokaribia kufungwa. Mwalimu alete pikipiki yake, wanafunzi wampime mikono na miguu, wakiwa na spana mbili na utepe wa fundi cherehani. Kazi hiyo haizidi nusu siku. Ifanyike wiki moja kabla ya safari, si usiku wa kuamkia kuondoka, ili mhusika apate kuendesha kilomita 50 za majaribio na kurudi karakanani kurekebisha kile ambacho mwili wake umekikataa.