Udumavu: Kipimo kikibadilika, namba hudanganya

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2004/05 ulionyesha kuwa asilimia 38 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Ule wa mwaka 2010 ulionyesha asilimia 42. Anayetafuta fedha za mradi wa lishe anaweza kuziweka namba hizo mbili kwenye bango na kusema udumavu unaongezeka. Mzazi akisoma, lazima aingiwe na hofu.

Kumbe kilichobadilika ni kipimo. Mtoto huhesabiwa kuwa amedumaa anapokuwa mfupi mno akilinganishwa na wenzake wa umri huohuo. Zamani wenzake hao walikuwa watoto wa Marekani, na wachanga wengi kati yao walilelewa kwa maziwa ya kopo. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa chati mpya, iliyotokana na watoto walionyonyeshwa katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Mstari wa udumavu ukapanda. Baadhi ya watoto wakajikuta chini yake bila kupungua hata sentimita moja.

Takwimu za 2004/05 zilipokokotolewa upya kwa chati hiyo, 38 ikawa 44. Kwa hiyo kutoka 44 hadi 42, udumavu ulikuwa umepungua kidogo.

Uzito pungufu nao unadanganya kwa upande wa pili. Tafiti hizohizo zilionyesha asilimia 22, kisha 16. Anayetaka sifa angezitangaza kwa furaha. Lakini kwa watoto waliovuka miezi sita, chati mpya huhesabu wachache zaidi kuwa na uzito pungufu, hata kama chakula nyumbani ni kilekile.

Kwa hiyo mzazi akisikia tatizo "limepanda" au "limeshuka", aulize kwanza: je, miaka yote miwili walipima kwa chati moja, na watoto wa umri mmoja?

Kwa chati moja, safari ya udumavu Tanzania inasomeka hivi: asilimia 44, 42, kisha 34 mwaka 2015/16, na 30 mwaka 2022. Hayo ni mafanikio ya kweli. Hata hivyo, watoto watatu katika kila kumi bado wamedumaa, na kilio chao hakihitaji kuongezewa chumvi.